Kuku Mzima wa Kuoka kwa Ndimu na Majani Yenye Harufu Nzuri

1. Kitoweo cha siku kuu

Watu wakaao kando ya Ziwa Tanganyika, tangu Kigoma na Mwanga mpaka Ujiji, kitoweo chao cha kila siku ni samaki. Dagaa huanikwa mchangani, migebuka hukaushwa kwa moshi, na nyumba nyingi hula samaki hao kwa ugali wa muhogo. Lakini mgeni wa heshima akija, au mtoto akirudi kutoka safari ya mbali, au siku kuu ikifika, mwenye nyumba hutoka uani akawahesabu kuku wake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," ndivyo wasemavyo wazee. Maana siku hiyo wenyeji nao hupata kula nyama.

Basi kuku mmoja si kitu kidogo. Amelelewa miezi mingi, amewaponea mwewe na kicheche na ugonjwa wa mdondo, naye ni akiba ya nyumba. Akiisha kuchinjwa hawezi kurudishwa. Akiungua nje na kubaki mbichi ndani, hasara ni mbili: chakula kimeharibika, na wale waliokula waweza kuugua. Kwa hiyo yafaa kila msichana na kila mvulana aijue kazi hii barabara kabla hajaishika. Wavulana wasidhani kwamba haiwahusu. Atakayeishi peke yake siku moja, akiwa mvuvi kambini au karani mjini, atakula kile kilichopikwa na mikono yake mwenyewe.

Katika habari hii tutaeleza jinsi ya kuoka kuku mzima nyumbani kwa sufuria na makaa, bila tanuru. Kila tendo tutalieleza pamoja na sababu yake, maana ajuaye sababu hasahau njia.

2. Vitu hivi vimetoka wapi?

Ukivitazama vitu vitakavyoingia katika sufuria hii, utaona kwamba vingi vilisafiri sana kabla ya kufika soko la Mwanga. Kuku mwenyewe asili yake si Afrika. Kuku wote wa dunia ni wazao wa ndege wa mwituni wakaao hata leo katika misitu ya Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki. Watu wa huko waliwafuga, kisha wakachukuliwa kwa vyombo na kwa misafara, nchi baada ya nchi, hata wakafika kwetu.

Ndimu, malimau na machungwa nayo yalitoka Asia. Katika mwaka 1498, Mreno Vasco da Gama alipofika Mombasa na merikebu zake, Mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa. Jambo hilo limeandikwa katika kitabu cha habari za safari ile. Zawadi hiyo ilikuwa na thamani kuliko ilivyoonekana. Mabaharia wa siku zile, wakikaa miezi mingi baharini bila matunda wala mboga, walishikwa na ugonjwa wa kuvimba fizi na kutoka damu, na wengi walikufa. Katika mwaka 1747 mganga wa merikebu aliyeitwa James Lind, mtu wa Uskoti, aliwagawa wagonjwa kumi na wawili katika jozi sita, akaipa kila jozi dawa yake. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi kuliko wote. Leo twajua sababu: matunda hayo yana vitamini C, na mwili wa mtu hauwezi kujitengenezea vitamini hiyo.

Chumvi yatoka karibu zaidi. Huko Uvinza, upande wa mashariki, karibu na mto Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Watu waliyachemsha maji hayo katika vyungu mpaka yakakauka, ikabaki chumvi. Na kazi hiyo ina umri wa miaka zaidi ya elfu moja. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, walipita katika nchi hiyo ya chumvi. Na mafuta mekundu ya mawese yatoka papa hapa petu, katika michikichi ya Kigoma. Vitu vya pwani, kama pilipili manga na karafuu, vilipata njia nyepesi katika mwaka 1914, reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma.

3. Kuoka ni nini?

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya moto. Kuchemsha, au kutokosa, ni kupika kwa maji. Kukaanga ni kupika kwa mafuta. Kuchoma ni kuweka kitu juu ya makaa yaliyo wazi. Kubanika ni kukiweka mbali kidogo na moto, juu ya vijiti, ili kiive polepole. Kuoka ni kupika kwa joto kavu lililofungiwa, likizunguka chakula pande zote.

Tofauti ya kuchemsha na kuoka si ya jina tu. Mji wa Kigoma umeinuka kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kwa ajili hiyo maji ya hapa huchemka kwenye digrii 97 hivi, si digrii 100 kama huko Dar es Salaam. Hata ukiongeza kuni namna gani, maji yakiisha kuchemka hayazidi joto hilo. Yatageuka mvuke tu. Ndiyo sababu nyama iliyochemshwa haipati rangi ya dhahabu. Lakini joto kavu hupita digrii 140, na hapo ngozi ya kuku hubadilika rangi, ikatoa harufu ya kuwaita hata majirani. Mtaalamu wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard, ndiye aliyeeleza katika mwaka 1912 jinsi sukari na vitu vya protini vinavyoungana kwa joto na kuleta rangi ile.

Basi hapa twapata kanuni ya kwanza: ukitaka rangi nzuri, ngozi iwe kavu. Maji yakiwapo juu ya ngozi, joto litafanya kwanza kazi ya kuyakausha, na wakati huo nyama ya ndani itapita kiasi.

4. Kumchagua kuku

Lugha yetu imewapa kuku majina kwa umri na kazi zao. Jogoo kijana asiyekomaa huitwa pora. Jike kijana huitwa mtetea. Jike atagaye na kulea vifaranga huitwa koo. Kabla ya kushika kisu, fikiri kidogo. Koo wa kienyeji hutaga kama mara tatu kwa mwaka, na kila mara hutoa mayai kumi hata kumi na matano. Ukimchinja, umekula mara moja, lakini umepoteza mayai yote hayo na vifaranga ambavyo vingetoka humo. Tena koo mzee na jogoo mkongwe hawafai kuokwa. Nyama yao imekuwa ngumu, nayo yataka kuchemshwa kwa saa nyingi.

Anayefaa ni pora wa miezi mitano au sita. Majogoo wengi katika uwanja mmoja hupigana bure, na mmoja watosha kwa majike wengi. Kwa hiyo kumchinja pora si hasara. Akiisha kunyonyolewa na kutolewa matumbo, awe na uzito wa kilo moja hivi. Kuku wa kisasa, waliofugwa kwa ajili ya nyama, huwa wazito zaidi wakiwa wadogo, na nyama yao ni laini na huiva upesi.

Ukinunua sokoni, usitazame ukubwa tu. Utamwona kuku amefungwa mguu, kama methali isemavyo, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Mwinue, umtazame. Macho yawe maangavu, upanga wa kichwani uwe mwekundu, na pua zisitoke maji. Aliyezubaa, mwenye mabawa yaliyolegea na kinyesi cha majimaji ya kijani, huenda ana mdondo. Usimpeleke nyumbani, maana atawaambukiza wengine. Wala kuku aliyekufa mwenyewe haliwi kamwe.

Katika miji yetu watu wa dini mbalimbali hula pamoja. Kama mgeni wako ni Mwislamu, mwombe anayejua sharti za kuchinja amchinje kuku huyo, ili mgeni ale kwa moyo mweupe.

5. Vitu vinavyotakiwa

Kwa kuku mmoja wa kilo moja, weka tayari vitu hivi:

Chumvi, kijiko kimoja na nusu cha chai.
Ndimu tatu.
Chungwa moja.
Kitunguu saumu, punje sita.
Tangawizi, kipande kama kidole gumba.
Pilipili manga iliyosagwa, nusu kijiko cha chai.
Kotimiri, fungu dogo.
Mchaichai, majani manne au matano.
Mrehani, kitawi kimoja, kama upo.
Mawese, vijiko viwili vya mezani.
Vitunguu maji viwili.

Na vyombo ni hivi: sufuria kubwa nene yenye kifuniko bapa kinachofunga vema, sahani ya bati yenye kingo, itakayoingia ndani yake, kinu kidogo na mchi, visu viwili, jiko la makaa, koleo, na mchanga wa ziwani uliooshwa na kukaushwa juani. Maji ya ndimu yasikae katika chombo cha alumini, maana ukali wake hula madini hayo na kuharibu ladha. Tumia bakuli la udongo au la kioo.

6. Kumsafisha

Akiisha kuchinjwa na damu kutoka yote, mtie katika maji ya moto yasiyotokota, kwa muda wa nusu dakika au zaidi kidogo, mpaka manyoya ya bawa yakitoka ukiyavuta. Maji yakitokota, ngozi itaiva na kuchanika pamoja na manyoya. Na ngozi iliyochanika haiwezi kuhifadhi mafuta na maji ya nyama wakati wa kuoka. Mnyonyoe upesi, kisha mpitishe juu ya mwali wa moto ili kuteketeza vinyweleo vilivyobaki.

Kata miguu kwenye kiungo. Toa mfuko wa shingoni ukaao nafaka. Pasua chini ya tumbo, uwazi wa vidole vitatu tu, kisha ingiza mkono na kutoa matumbo yote taratibu. Hapa yataka uangalifu. Kando ya ini kuna kifuko cha kijani, ndicho nyongo. Kikipasuka, kila mahali kilipogusa patakuwa pachungu, wala ndimu haiondoi uchungu huo. Firigisi ipasue, utoe mchanga na ile ngozi ya manjano iliyo ndani yake.

Sasa sikiliza neno hili, maana ndilo lililo kubwa. Katika matumbo ya kuku, hata kuku mwenye afya, huwamo vijidudu viitwavyo salmonela na kampilobakta. Kuku hawaoni kitu, lakini mtu akivila huharisha na kushikwa na homa, na kwa watoto wadogo na wazee ugonjwa huo waweza kuua. Vijidudu hivi havionekani kwa macho. Kwa hiyo mwoshe kuku polepole ndani ya bakuli. Usimmwagie maji kwa nguvu, yasije yakaruka penye vyombo na chakula kingine. Maji hayo yamwage mbali. Kisu kilichokata kuku mbichi kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto, na mikono vivyo hivyo.

Kisha mkaushe kwa kitambaa safi, nje na ndani, mpaka awe mkavu kabisa. Nawe kitambaa hicho kichemshe baadaye.

7. Kumtia chumvi na viungo

Chukua chumvi yote, umsugue nayo nje na ndani. Mfunike, umweke mahali pa baridi kwa muda wa saa moja, lakini usizidishe, maana nchi yetu ina joto na nyama huharibika upesi. Mwenye friji aweza kumlaza humo usiku kucha. Chumvi hutoa kwanza maji katika nyama, kisha maji hayo huyeyusha chumvi na kurudi ndani pamoja nayo. Ndipo nyama ikapata ladha mpaka karibu na mfupa.

Ukali wa ndimu haufanyi hivyo. Wenyewe huingia juujuu tu. Ukimlaza kuku katika maji ya ndimu kwa saa nyingi, nyama ya nje itakuwa nyeupe kana kwamba imeiva, na ukiipika itakuwa kama unga kinywani. Tena wako watu wanaodhani kwamba ndimu imekwisha kuua vijidudu vyote. Sivyo. Weupe ule si kuiva. Moto peke yake ndio wa kutegemewa. Kwa sababu hiyo ndimu hutiwa mwishoni, muda mfupi kabla ya kuoka.

Sasa twanga saumu, tangawizi, kotimiri na pilipili manga. Parua ganda la nusu ya chungwa, ile sehemu ya rangi tu. Weupe ulio chini yake ni mchungu. Katika ganda mna vifuko vidogo vya mafuta yenye harufu. Mwalimu aweza kuwaonyesha darasani: akikunja kipande cha ganda karibu na mwali wa mshumaa, mafuta huruka na kutoa vicheche. Mafuta hayo ndiyo yenye harufu ya chungwa kuliko maji yake, na kuyatupa pamoja na ganda ni kutupa nusu ya faida.

Changanya vyote hivyo na maji ya ndimu moja na kijiko kimoja cha mawese. Kisha pitisha kidole chini ya ngozi ya kidari, uitenge na nyama bila kuitoboa, na kupaka nusu ya viungo humo ndani. Nusu nyingine ipake mapajani na tumboni mwa kuku. Ngozi ya nje ipake mawese yaliyobaki, ukiondoa majani yote juu yake, maana majani yakikaa nje huungua na kuleta uchungu.

Tumboni tia nusu ya chungwa, ndimu moja iliyokatwa vipande viwili, mchaichai uliokunjwa, na mrehani. Usimshindilie, acha nafasi hewa ya moto ipite. Vitu hivi havitaliwa. Kazi yake ni kutoa mvuke wenye harufu, utakaopanda ndani ya nyama na kuizuia isikauke. Mwisho funga miguu pamoja kwa kamba ya mgomba iliyolowekwa majini, na ncha za mabawa zikunje nyuma ya mgongo zisiungue.

8. Kumwoka

Jiko liwe nje, au katika jiko la uani lenye hewa nyingi. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huivuta bila kujua, akasinzia, asiamke. Watu wamekufa hivyo katika nyumba zao wakitafuta joto tu. Basi kanuni hii haina ruhusa: makaa na mlango uliofungwa havikai pamoja.

Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, kimo cha vidole viwili. Mchanga hupokea joto na kuligawanya sawasawa, usiache mahali pamoja paungue. Funika, uweke jikoni juu ya makaa machache, kisha palia makaa mengi juu ya kifuniko. Gawanya makaa yako mafungu matatu: fungu moja chini, mafungu mawili juu. Sababu yake ni hii: joto lina tabia ya kupanda. La chini lote laingia sufuriani, bali la juu nyingi yake yapotea hewani. Ukitia moto sawa juu na chini, kuku ataungua mgongo na kubaki mweupe kidarini.

Baada ya robo saa funua kidogo, utupe unga kidogo juu ya kipande cha bati ndani ya sufuria. Ukigeuka hudhurungi kwa muda wa dakika moja hivi, joto limetosha. Ukiwa mweusi mara moja, limezidi; punguza makaa ya chini.

Kata vitunguu maji vipande vinene, uvitandike katika sahani ya bati, na juu yake umlaze kuku, kidari kikitazama chini. Iingize sahani juu ya mchanga, ufunike, urudishe makaa. Muda wa nusu saa usifunue. Kila unapofunua, joto lote hutoka, na kazi huanza upya, "Haraka haraka haina baraka." Nusu saa ikipita, kung'uta majivu ya kifuniko mbali na sufuria, umfunue, umgeuze kidari juu, umpake mafuta yaliyochuruzika sahanini. Ongeza makaa mapya juu, ufunike tena kwa muda wa nusu saa nyingine hata dakika arobaini. Kidari huwekwa chini kwanza kwa kuwa nyama yake haina mafuta mengi. Mafuta ya mgongo humtelemkia na kumlainisha.

9. Kujua kama ameiva

Rangi nzuri si ushahidi. Kuku aweza kuwa wa dhahabu nje, na damu ingali mfupani. Mahali paivapo mwisho ni pale paja linapoungana na mwili. Choma hapo kwa ncha ya kisu, uangalie maji yatokayo. Yakiwa mekundu au ya waridi, mrudishe. Yakiwa maangavu, endelea kuchunguza: shika mguu uutikise, ukiwa ameiva, kiungo huachia chepesi. Kisha tenga paja kidogo uitazame nyama iliyo karibu na mfupa. Isiwe mbichi wala isiteleze.

Mwenye kipimajoto cha jikoni ana njia ya hakika zaidi. Akichomeke katika sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Kikisoma digrii 74 au zaidi, vijidudu vimekufa. Kama una shaka, ongeza robo saa. Kuku mkavu kidogo ana dawa, ni mchuzi. Kuku mbichi aliyekwisha kuliwa hana dawa ila taabu.

10. Kumgawanya

Usimkate mara atokapo motoni. Mwache apumzike dakika kumi, amefunikwa na sahani safi. Akiwa wa moto mno, maji ya nyama hukimbia ukikata. Akipoa kidogo, hutulia ndani. Katika muda huo yachukue mafuta na vitunguu vilivyobaki sahanini, uvitie maji ya nusu ya chungwa iliyobaki na maji kidogo, uchemshe mara moja, uwe mchuzi. Na ile ndimu ya tatu ikamue juu ya nyama mezani. Vitamini C huharibika kwa moto mrefu. Kwa hiyo ndimu iliyookwa yaleta harufu, bali ndimu mbichi ya mwisho yaleta faida ya mwili.

Mawese nayo yana faida yake. Wekundu wake hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A, ilindayo macho. Lakini yakiunguzwa mpaka yakawa meupe, faida hiyo hupotea.

Mkate kwenye viungo: mapaja, mabawa, kisha kidari. Mgeni huchaguliwa kwanza, na katika nyumba nyingi firigisi hutengwa kwa baba au kwa mgeni. Lakini aliyechota maji, aliyenyonyoa, na aliyekaa motoni akipalia makaa asiachiwe shingo na mifupa mitupu. Kuku wa kilo moja atosha watu wanne au watano pamoja na wali, ndizi au ugali, akigawanywa kwa haki. Kilichobaki kisikae katika joto zaidi ya saa mbili. Kiwekwe penye baridi, na kabla ya kuliwa tena kipashwe mpaka kiwe cha moto sana.

11. Desturi za nchi nyingine

Si sisi peke yetu tuliogundua kwamba kuku na matunda makali hupatana. Watu wa pwani, Mombasa na Unguja, humchoma kuku juu ya makaa na kumpaka tui la nazi lenye viungo na ndimu, nao humwita kuku wa kupaka. Msumbiji humtia pilipili na limau kabla ya kumchoma. Senegali humlaza katika maji ya limau na vitunguu vingi, wakaita chakula hicho yassa. Italia na Ufaransa hupachika limau tumboni mwa kuku pamoja na majani ya rozimeri. Ng'ambo ya ziwa letu, katika Kongo, kuku hupikwa kwa mchuzi wa chikichi.

Kila nchi imetumia kile kilichoota mlangoni pake. Nasi tunayo ndimu, mchaichai, mawese, chumvi ya Uvinza na mchanga wa ziwani. Asiye na tanuru asiseme kwamba kazi hii ni ya watu wenye mali. Sufuria, makaa, saa moja na nusu ya uangalifu, na mikono iliyonawa vyatosha.

Maswali

1. Kwa nini maji huchemka Kigoma kabla ya kufika digrii 100?
2. Eleza tofauti ya kuchoma, kubanika na kuoka.
3. Kwa sababu gani pora afaa kuchinjwa kuliko koo?
4. Nyama iliyolazwa katika ndimu imekuwa nyeupe. Je, imeiva? Toa sababu.
5. Kwa nini makaa ya juu huwa mengi kuliko ya chini?
6. Taja njia tatu za kujua kwamba kuku ameiva.
7. Kwa nini makaa yasiwashwe katika chumba kilichofungwa?
8. Waulize wazee wa nyumbani kwenu jinsi walivyopika kuku wa siku kuu zamani, kisha andika habari hiyo kwa mistari kumi.